Mvua Kwenye Bati la Baba

Mwaka jana nilinunua mto wa sufi kwa mama mmoja aliyeleta bidhaa kutoka Tanga. Nilipofika nao nyumbani niliupigapiga ili uumuke, vumbi lake likanipanda puani, nikajikuta nimekaa kitandani bila kujua nilikuwa nataka kufanya nini. Harufu ya sufi si kali. Ni harufu kavu, ya kitu kilichokaa juani muda mrefu, na kwa mtu aliyekulia Kawetele, milimani Rungwe, ambako nguo iliyoanikwa tangu asubuhi huingizwa ndani ingali na unyevu, harufu kavu namna ile haisahauliki. Mume wangu aliniuliza kama mto umetoboka. Nikamwambia mto ni mzima. Sikumweleza zaidi, maana sikujua nianzie wapi.

Labda ningeanza na mdogo wangu. Anaitwa Sekela, jina ambalo kwa Kinyakyusa ni kufurahi, na baba ndiye aliyempa. Alizaliwa mwaka ambao chai ilikubali vizuri na baba akamaliza kuezeka nyumba kwa bati. Si nyumba zote za upande wetu zilikuwa na bati wakati ule. Baba alipotoka shambani alikuwa anasimama kwanza barabarani, analitazama bati lake likimeta kwenye kijua kidogo kilichojitokeza, ndipo anashuka nyumbani. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na mimi nikasimama naye, nikatazama pia.

Sekela alikuwa mtoto mzuri wa sura. Watu walisema hivyo mpaka alipofika umri wa kusema na hakusema. Ukimwita jina hakugeuka. Alikuwa anakaa chini na kupanga punje za maharage mstari mmoja, kutoka kizingitini hadi kwenye mguu wa meza, na ukisogeza punje moja tu alilia hadi akakosa pumzi. Alikula ndizi za kuchemsha zikiwa peke yake. Zikigusana na mboga aliacha sahani nzima. Hakukubali kubebwa na mtu yeyote ila mama, na hata mama alimbeba kwa namna yake, mgongo wa mtoto kifuani kwake na uso ukitazama nje.

Shida kubwa ilikuwa mvua. Kwetu mvua si habari. Inanyesha asubuhi, inanyesha mchana, inapumzika kidogo watu waende kanisani, kisha inarudi. Na juu ya bati mvua ya Rungwe inapiga kiasi kwamba ukitaka kusema na mwenzako lazima umsogelee sikioni. Sisi tulizoea. Sekela hakuzoea. Alikuwa anaziba masikio, anapiga ukelele mmoja mrefu usio na machozi, halafu anakwenda ukutani na kugonga kichwa. Mama alikuwa anaweka kiganja chake kati ya ukuta na kichwa cha mtoto, na kiganja kile kilikuwa na michubuko isiyokauka.

Lakini kilichonishangaza mimi ni kwamba Sekela alianza kulia kabla ya mvua. Nje kumetulia, kuku wanaparua, mimi nasuka nywele za mdoli wangu wa gunzi. Mara Sekela anaacha maharage yake na kuziba masikio. Dakika chache baadaye tunaona migomba ya ng'ambo inainama na mvua inateremka kutoka mlimani. Niliona hivyo tena na tena, na kwa akili yangu ya utoto nikapata jibu: Sekela ndiye aliyekuwa anaiita mvua. Nilimwogopa kidogo, na pia nilijivunia. Nilikuwa natembea naye barabarani nikiwaza kwamba watu wote hawa hawajui nimemshika nani mkono.

Mama aliacha kwaya. Aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama kwa sababu Sekela alilia watu wakipiga makofi. Mwanzo wenzake walikuja nyumbani kumwombea, wakaimba, wakanywa chai, wakaenda zao, na baadaye hawakuja. Sijui kama kulikuwa na ubaya. Nafikiri walichoka tu, nao walikuwa na nafasi ya kuchoka na kuondoka. Mama hakuwa nayo.

Aliyeendelea kuja ni shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane aliyekaa ng'ambo ya kijito. Alikuja karibu kila siku. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, naitwa Bupe, na watu wote walimwita mama yangu Mama Bupe. Shangazi alianza kumwita Mama Sekela. Alilitamka polepole, kama mtu anayeonyesha doa kwenye nguo.

"Mama Sekela," alimwambia siku moja wakimenya ndizi, "kwenye ukoo wetu hatujawahi kuwa na mtoto wa hivi. Hebu kaulize kwenu Nkunga, wanajua."

"Kwetu pia hakuna, dada."

"Basi jichunguze mwenyewe."

Mama aliendelea kumenya. Wakati ule nilidhani kujichunguza ni kutafuta chawa, na nilishangaa, kwa sababu mama alikuwa msafi.

Ndipo akaja Mwalimu Mwanaidi. Alikuwa mtu wa Pangani, amepangiwa kazi katika shule yetu ya msingi, na nyumba aliyopewa ilikuwa chini kidogo ya shamba letu. Baridi ya kwetu ilimtesa. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na juu yake kanga. Alikuja nyumbani mara ya kwanza alasiri moja kuuliza kama tunauza maziwa, na alikuta mvua inapiga, Sekela yuko ukutani, mama amepiga magoti na kiganja chake mahali pake pa siku zote.

Mama alianza maneno aliyomwambia kila mgeni. "Samahani, mwalimu. Mtoto haumwi, ni deko tu. Karibu ukae. Samahani sana."

Mwalimu hakumtazama Sekela hata kidogo. Alimtazama mama. Alimsogelea kwa sababu ya kelele ya bati, akachuchumaa, akasema, "Na wewe, dada, umekula leo?"

Mama akaangua kilio. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia. Hata babu alipofariki alilia na wenzake kwa utaratibu, kwa zamu. Hiki kilikuwa kilio kingine, cha mdomo wazi. Nilidhani mwalimu amemtukana. Nilimchukia yule mwanamke papo hapo, na maziwa nilipotumwa kumpelekea kesho yake niliyaweka mlangoni nikakimbia.

Alirudi hata hivyo. Alikuja karibu kila siku baada ya shule. Wala hakujifanya mjuzi. Mama alipomuuliza mtoto ana nini alijibu, "Mimi si daktari, dada. Ila mama yangu alikuwa na mtoto kama huyu, mdogo wangu wa kiume. Ninachokijua mimi ni mama anavyochoka. Nenda kaoge. Mimi nipo." Na mama alikwenda kuoga, akakaa huko muda mrefu, akarudi amejipaka mafuta. Siku nyingine mwalimu alimwambia alale. Mama alijilaza kwenye mkeka mchana kweupe na kulala kama mtu aliyeanguka. Mimi nilikuwa namzunguka kwa hofu, nikimwekea mkono karibu na pua nione kama anapumua.

Mwalimu alikaa na Sekela bila kumgusa. Alikaa tu chini, mbali kidogo, na yeye akapanga punje zake za maharage. Hakuna mtu mzima aliyewahi kufanya hivyo. Baada ya muda mistari yao miwili ilikaribiana. Siku Sekela alipochukua punje kutoka kwenye mstari wa mwalimu na kuiweka kwenye wake, mama na mwalimu walitazamana.

Ni mama aliyegundua kwamba mvua ikinyesha wakiwa jikoni Sekela alilia kidogo tu. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nje, cha miti na udongo, bado kimeezekwa nyasi, na nyasi zile nene nyeusi kwa moshi ziliinywa sauti ya mvua. Mwalimu akasema basi hapo ndipo pa kukaa. Wakaweka mkeka na blanketi, na mawingu yalipokusanyika mama alimchukua Sekela na kuhamia jikoni. Mwalimu akaleta pia mto wake wa sufi kutoka kwao, akaufumua mbele yetu, akashona kofia ya kitambaa cha kanga yenye masikio manene yaliyojazwa sufi. Mwanzo Sekela aliitupa. Halafu akawa anainusa. Halafu akaivaa, na baada ya hapo hakutaka kuivua hata jua likiwaka.

Siku moja nilimuuliza mwalimu lile jambo langu. Tulikuwa jikoni, mama yuko nje anachota maji ya bomba.

"Mwalimu, Sekela ndiye anaita mvua?"

Hakucheka. "Hapana, mwanangu. Anaisikia kabla yetu. Ikiwa bado huko mlimani yeye inamfikia. Sasa fikiria ikija kupiga juu ya kichwa chake."

Nilifikiria. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma mdogo wangu badala ya kumwogopa, na nikahuzunika kidogo pia, kwa sababu nilipenda awe na ile nguvu.

Katika miezi ile Sekela alipata maneno. Alisema "mama". Alisema "maji". Na alisema "bado", neno alilolipata kwa mama, aliyekuwa akimjibu hivyo kila alipochungulia nje kuona kama mvua imekatika. Alikuwa anasimama mlangoni mwa jiko na kofia yake, anatazama migomba inayochuruzika, anasema "bado", kwa sauti ya mtu mzima, na mama anacheka mpaka anafuta macho.

Baba mwanzoni hakupinga. Nafikiri alifurahia utulivu. Ila watu wakaanza kumuuliza. Walimkuta kwenye kituo cha kupimia chai wakamwuliza kwa nini mke wake anashinda kwenye kibanda cha nyasi na nyumba ya bati ipo. Baba alikuwa mtu wa kuumia kwa maneno. Aliporudi alisimama mlangoni mwa jiko, akainamisha kichwa kuchungulia ndani.

"Nilijenga nyumba ya nani?" akauliza.

"Ya kwetu," mama akajibu. "Ni mpaka mvua ipungue tu, baba Bupe."

"Huku mvua inapungua lini?"

Mwalimu Mwanaidi ndiye aliyesema mtoto apelekwe Mbeya, kwenye hospitali kubwa, akapimwe. Nilisikia neno hilo nikiwa nje ya dirisha, na nikaacha kucheza. Kupima nilikuona kila wiki. Kwenye kituo cha chai karani alikuwa na mizani iliyoning'inia kwenye boriti, na chini yake ndoano. Gunia la majani mabichi linatundikwa kwenye ndoano, linayumba, karani anasoma, halafu anapunguza uzito kwa ajili ya maji yaliyo kwenye majani, na mwenye chai ananung'unika. Nilimwona Sekela ametundikwa kwenye ndoano ile na kofia yake, anayumba, na karani anasema huyu ana maji mengi, tumpunguze. Usiku na mchana niliishi na picha hiyo. Asubuhi walipoondoka, mama, mwalimu na Sekela, nilimng'ang'ania mama sketi nikimwambia asikubali wamtundike. Mama hakuelewa. Aliniambia nisimamie kuku.

Walirudi jioni kukiwa bado na mwanga. Mama alikuwa mtu mwingine. Alitembea haraka, akamweka Sekela chini, akanishika mabega kama vile mimi ndiye mtu mzima aliyekuwa akimsubiri.

"Bupe, kuna jina lake," akasema. "Dokta amesema huenda ni usonji. Hajasema ndiyo moja kwa moja, amesema huenda. Turudi tena wamwangalie vizuri. Amesema wako wengine wengi. Amesema siyo kosa langu." Akarudia sentensi hiyo ya mwisho kwa Kinyakyusa, polepole, kwake mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada shangazi na baba na wadogo zake baba walikaa sebuleni, na mama akaitwa aeleze. Alisimama. Alilisema lile neno kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai.

"Usoni?" shangazi akauliza. "Ana nini usoni? Mbona uso wake mzima?"

"Usonji, dada."

"Sijawahi kulisikia. Kwetu halina jina. Kitu kisicho na jina kwetu kimeletwa." Akawageukia wadogo zake. "Na aliyekileta mnamjua. Muulizeni kwenye ile kofia kumeshonewa nini."

Mmoja wa baba wadogo akasema, "Ni sufi tu. Nimeishika."

"Sufi juu. Na ndani?"

Mama akasema, "Fumueni muone." Akaitoa mfukoni kofia aliyomvua Sekela akiwa usingizini na kuiweka mezani. Hakuna aliyeigusa. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuhusu siku ile, watu wazima wote wale na mikono yao mapajani, wanaikodolea macho kofia ya mtoto. Baba naye alikuwa mmoja wao.

Habari zikaenda shuleni, kwamba mwalimu wa kutoka pwani anawafunga watoto hirizi. Sijui nani alizipeleka, lakini najua shangazi alivaa kitenge chake kizuri siku ya kazi na kupanda njia ya shule pamoja na wazee wawili. Kabla muhula haujaisha Mwalimu Mwanaidi alipata uhamisho. Siku ya kuondoka alikuja jikoni na sweta zake mbili. Sekela alikuwa anapanga maharage. Mwalimu alikaa chini, akaongeza punje moja, akanyanyuka.

"Mrudishe Mbeya, dada. Usikubali wakwambie ni pepo."

"Nitakwenda na nani, mwalimu?"

Alimkumbatia mama. Kisha akainama akanishika shavu, na mimi, ambaye nilianza kwa kumchukia, nilimuuliza atarudi lini. Akasema shule zikifunga. Hakurudi. Hatukumsikia tena, na mama hakuwa na namna yoyote ya kumtafuta.

Wiki chache baadaye baba alileta bati jipya na fundi. Ilikuwa siku kavu, ya nadra. Waliteremsha nyasi za jiko zote kabla ya saa sita, moshi wa miaka mingi ukatoka nazo, na mchana jiko letu likawa linameta kama nyumba kubwa. Baba alikuwa na furaha ya kweli. Alinibeba begani nione. "Sasa mama yako ana jiko la maana," akaniambia, na mimi nikapiga makofi, maana niliona ni zawadi. Nilimtafuta mama kwa macho ili nimwone akifurahi. Alikuwa amesimama kwenye migomba na Sekela kifuani, uso wa mtoto ukitazama nje, na wote wawili walitazama bati bila kupepesa macho.

Mvua ikaja kesho yake. Hakukuwa na pa kwenda. Kofia nayo haikuonekana. Shangazi alikuwa ameitia motoni, na alipoulizwa hakukana. Mama alikaa ukutani na kiganja chake. Mvua ilipokatika kilikuwa kinatoka damu, na kichwa cha Sekela pia.

Baada ya wiki kadhaa za hali hiyo shangazi akasema kuna mtumishi mmoja anaombea watu, mbali kidogo, na watoto wa hivi wanakaa huko mpaka wanafunguliwa. Mama alikataa. Nakumbuka alivyokataa, kwa sababu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Huyu mtoto haumwi pepo. Niacheni nimrudishe Mbeya." Baba akamwambia Mbeya walishakwenda wakarudi na neno tu. Akasema amechoka kuwa mtu wa kusemwa. Akambeba Sekela mwenyewe, uso ukitazama ndani, begani kwake, na Sekela alilia njia nzima ya kwenda barabarani. Mama aliambiwa abaki. Huko akina mama hawaruhusiwi, wanazuia maombi.

Sekela alipoletwa nyumbani alikuwa kimya. Shangazi ndiye aliyemleta, na bahati ilitaka mvua ianze wakiwa ndiyo wanaingia. Bati likapiga. Sekela akasimama katikati ya sebule na mikono ubavuni. Hakuziba masikio. Hakulia.

"Mnaona?" shangazi akasema. "Mnaona kazi ya Kyala?"

Baba alipiga magoti pale pale na kumshukuru Mungu. Mimi nilirukaruka. Niliamini kabisa kwamba mdogo wangu amepona, na Jumapili kanisani ushuhuda ulitolewa, watu wakapiga makofi, na Sekela katikati ya makofi yale alikaa kama gunia. Nilipomwona mama hapigi makofi nilikasirika. Niliwaza anakosa shukrani, labda hapendi Sekela apone kwa sababu sasa hakuna sababu ya mwalimu kurudi.

Kumbe mama alikuwa ameshamwogesha. Alikuwa ameuona mgongo wake, umejaa alama za fimbo. Hayo nilikuja kuyajua baadaye sana, kwa vipande. Nilichokiona mimi ni kwamba Sekela alikaa mbele ya maharage bila kuyagusa, na kwamba mama alimwekea kikombe mbele yake na kumwambia, "Sema maji, mwanangu. Maji." Alimwambia asubuhi, alimwambia mchana. Mvua ikinyesha alisimama naye mlangoni akasema, "Bado? Bado?" na kusubiri. Sekela hakusema. Hajasema tena neno lolote mpaka leo.

Mama aliondoka siku ya kupima chai, baba akiwa kituoni na mimi shuleni. Nilirudi nikakuta moto umewashwa jikoni na shangazi anapakua ndizi. Nikauliza mama yuko wapi.

"Amekwenda kwao Nkunga na yule mwenzie."

"Atakuja kunichukua lini?"

Shangazi alinisogezea sahani. "Mama yako alikuwa na watoto wawili, akachagua. Kula."

Nililichukua neno hilo nikalihifadhi, na nilikua nalo. Alichagua. Nilipopata hedhi ya kwanza na hakuwepo, alichagua. Nilipofaulu kwenda sekondari na baba akanisindikiza peke yake, alichagua. Likizo nilikuwa natumwa Nkunga siku chache. Nilimkuta kwenye chumba ambacho kaka yake alimpa nyuma ya nyumba, cha nyasi, Sekela pembeni yake, na nilijibu maswali yake kama mtu anayejibu karani. Aliniuliza kama kwa baba naishi vizuri. Nikasema vizuri. Aliniuliza mara nyingi, kwa namna mbalimbali, na nilijibu vilevile.

Baba hakuwafuata. Alisema mlango uko wazi, na nadhani aliamini kwamba kuacha mlango wazi ni kazi kubwa. Alifariki akiwa bado anasema hivyo. Shangazi alitunza nyumba ile mpaka nilipoolewa, na aliitunza vizuri. Hakuna jirani aliyewahi kuona sufuria chafu.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza mama alikuja kunihudumia uzazi. Alikuja na Sekela, mwanamke mzima sasa, mnene kidogo, aliyekaa kwenye kiti tulichompa na kutikisika taratibu mbele na nyuma. Mama alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Alinikanda tumbo na miguu kwa maji ya moto, mgongo nikimkatalia, akaniogeshea mtoto, na mchana mmoja, mtoto amelala, tulikaa barazani tukichambua mchele. Nafikiri ni kule kumshika mtoto wangu kulikonipa ujasiri. Nikamuuliza kwa nini alichagua kuniacha mimi.

Hakushangaa. Aliendelea kuchambua kwa muda, akatupa chuya moja, nyingine, kisha akauweka ungo chini.

"Sikuchagua kukuacha," akasema. "Kaka yangu alisema ana nafasi ya mtoto mmoja tu. Nilikaa nikafikiri. Nikasema, Bupe ana mdomo. Bupe akipigwa atasema, watu watasikia, nitakuja kumchukua. Huyu akipigwa hatasema." Alimtazama Sekela. "Wala hukuwahi kusema, kwa hiyo nilijua uko salama. Hilo ndilo lililokuwa linanipa usingizi."

Nilimshika mkono. Nilimwambia, "Nilikuwa salama, mama."

Alifurahi. Aliuchukua ungo wake akaendelea na mchele, na mimi nikavuta kanga nikajifunika vizuri mgongoni.